Riwaya imetundikwa jikoni: Mtunzi huipata wapi ilhamu?

Si zamani sana nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili huko kwetu Kalamba, Kaunti ya Makueni. Niliwahubiria kuhusu msuko, wahusika na mandhari kwa muda mrefu, maana sisi walimu wakongwe tukishapewa kipaza sauti huwa hatujui kukirudisha. Nilipomaliza, kijana mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono.

“Profesa, mimi napenda kuandika. Lakini hapa kwetu hakuna hadithi. Hapa ni mawe, punda na maembe tu.”

Wenzake waliangua kicheko. Mimi pia nilicheka, ila changu kilikuwa kicheko cha mtu aliyeguswa kidonda. Nikamwuliza asubuhi hiyo alikuwa amefanya nini kabla ya kuja shuleni.

“Si kitu, Profesa. Nilimsaidia nyanya kuhesabu maembe.”

Nikamwomba aeleze. Eti broka hufika na pikapu alfajiri. Yeye huhesabu kwa simu, nyanya huhesabu kwa vijiwe: kila maembe kumi, kijiwe kimoja huhama kutoka upande huu wa leso kwenda upande ule. Hesabu za wawili hao hazijawahi kulingana hata siku moja. Nyanya hagombi wala hapandishi sauti. Humwambia tu broka, “Haya mwanangu, tuanze upya,” na wakishaanza upya humwambia tena waanze upya, hadi jua linapanda na maembe yaliyokwisha pakiwa yanaanza kupata joto.

“Na hushinda?” nikamwuliza.

“Hushinda. Lakini broka akiudhika, wiki inayofuata haji.”

“Sasa hiyo si hadithi?”

Kijana alinitazama kana kwamba nimemkosea heshima nyanya yake. “Hapana, Profesa. Hayo ni maisha tu.”

Makala haya ni jibu langu kwa kijana huyo. Nilipaswa kumjibu papo hapo, lakini kuna jambo lililonifunga mdomo, na nitalifikia.

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi ya ukumbi huu. Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutaja kile kinachomfanya mtu aandike. Lipo neno ilhamu, lenye asili ya Kiarabu, ambalo hubeba maana ya jambo linalotiwa moyoni na Mungu. Lipo msukumo, ambalo kwalo mtunzi anasukumwa kutoka nyuma na kitu asichokiona. Na lipo kichocheo, kutokana na kuchochea moto. Wanafunzi wangu huyatumia maneno haya matatu kana kwamba ni mamoja. Waama, hayako sawa. Anayengoja ilhamu hutazama juu. Anayengoja msukumo husimama tu. Lakini anayechochea moto ni lazima kwanza awe na kuni, na kuni haziteremki kutoka mbinguni; mtu huinama akaziokota, kwa kawaida si mbali na kwake. Mimi hupendelea neno hili la tatu. Ilhamu nimelitumia kwenye kichwa cha makala kwa sababu ndilo mlilolizoea, na mhariri naye ana mapenzi yake.

Ukiwachunguza watunzi wetu wakubwa utaona kwamba wengi wao walikuwa waokota kuni. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka wa 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Alipoitunga Rosa Mistika, iliyochapishwa 1971, hakujisumbua kubuni kisiwa kingine. Aliichukua Namagondo pamoja na jina lake, akaweka humo nyumba ya baba mlevi anayewachunga binti zake kwa fimbo na kudhani kwamba fimbo ni malezi. Nani kati yetu hakuijua nyumba kama hiyo alipokuwa mtoto? Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Naamini ugeni haukuwa kosa lake. Kosa lake lilikuwa ukaribu. Wazazi na walimu waliifungua wakakuta wamefungua mlango wa jirani, na pengine wao wenyewe.

Mtazame pia Adam Shafi. Kuli, ya 1979, inatokana na jasho la wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Haini, iliyotoka 2003, inatokana na kuzuiliwa kwake mwenyewe baada ya Rais Abeid Karume kuuawa mwezi wa Aprili 1972. Hesabu miaka iliyopita kati ya kisa na kitabu: zaidi ya 30. Vijana wanaoniletea miswada yao wanapenda kuandika tukio kabla halijapoa. Shafi anatufundisha kwamba hata kuni zilizookotwa huhitaji kukauka. Ukizichochea mbichi, moshi utakuwa mwingi kuliko mwali.

Kuna na wa kwetu, ambaye wasomi tulimtendea isivyo haki. David Maillu alizaliwa Kilungu mwaka wa 1939. Mapema katika miaka ya 70 alianzisha shirika lake mwenyewe la uchapishaji, Comb Books, akaanza kutoa vitabu vidogo vya Kiingereza vilivyosomwa kwenye matatu, madukani na chini ya madawati: Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle mwaka wa 1973, kisha After 4.30 mwaka uliofuata. Tanzania ilivipiga marufuku 1976. Tulipokuwa wanafunzi, wahadhiri walivitaja kwa kukunja pua, nasi tulikunja pua mchana na kuvisoma usiku.

Nina ugomvi na vitabu hivyo hadi leo. Vingi vinakimbilia kitandani kabla ya kumaliza sentensi. Lakini nilipovirudia nikiwa na mvi, nilitambua kitu ambacho ujana na maringo ya chuoni vilinizuia kukiona. Maillu alikuwa na sikio. Alisikia jinsi karani aliyeishiwa mshahara tarehe tano anavyojitetea mbele ya chupa. Alisikia jinsi mwanamke wa ofisini anavyozungumza kuhusu bosi wake saa za kazi zikiisha, bosi akiwa hayupo. Maneno hayo yalikuwa yakisemwa kila siku jijini Nairobi na hakuna profesa aliyedhani kwamba ni fasihi. Baadaye, mwaka wa 1989, alitoa Without Kiinua Mgongo, kitabu kinachochanganya Kiingereza na Kiswahili tangu jaladani. Kama mlinzi wa lugha, kilinikera. Hata hivyo, hebu lifikirie hilo jina. Kila mfanyakazi wa Kenya anajua maana ya kustaafu bila kiinua mgongo: ni kupinda mgongo maisha yote, kisha ukose hata cha kukusaidia kuunyoosha. Maillu hakulibuni neno hilo. Alilikuta kazini, akaliokota.

Sasa niseme kilichonifunga mdomo mbele ya yule kijana. Mimi niliwahi kuwa yeye.

Mwaka wa 1984 nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na likizo ya mwaka huo niliimaliza Kalamba. Wazee wetu huyapa majina mabaa ya njaa, wala majina hayo hayatungwi na kamati. Ile iliyofunga karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, kwa kuwa iliwakuta watu kila mahali. Ya 1961 hukumbukwa kama njaa ya Atta, kutokana na unga wa msaada, na wengine huiita ya Ndeke, kutokana na ndege zilizoleta chakula. Ya 1984 iliitwa Nikw'a ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika. Umeshika nini? Pesa. Watu walikuwa na noti mkononi na dukani hakukuwa na mahindi ya kununua. Sijaona riwaya ya Kiswahili yenye jina linalolishinda hilo. Maneno mawili, na ndani yake mna soko, serikali, mvua, na tumbo la mtoto.

Mimi nilikuwa nikifanya nini katika njaa hiyo? Nilikuwa chini ya mwembe nikiandika riwaya, na mandhari yake yalikuwa Lamu. Sikuwa nimewahi kufika Lamu. Nilikuwa nimesoma tu kuhusu milango ya nakshi, majahazi na vikuba vya asumini, nikaamini kwamba riwaya ya Kiswahili sharti inukie asumini, la sivyo si riwaya. Mama alirudi jioni moja kutoka sokoni alikokuwa amepanga foleni tangu asubuhi akingoja mahindi ya manjano. Alitua mfuko, nao ulikuwa mwepesi. Akaniuliza ninaandika hadithi ya nani.

“Ya watu wa Lamu, mama.”

“Unawajua?”

“Hapana.”

“Na wao wanakujua wewe?”

Kisha akaingia jikoni. Nilidhani hakuelewa fasihi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na katika umri huo mtu huwa na hakika ya mambo mengi.

Mswada ule niliumaliza. Mhariri mmoja alinirudishia na barua fupi, nami sikumlaumu wakati huo wala simlaumu sasa. Kinachoniuma ni jambo jingine, ambalo nililitambua miaka mingi baadaye. Wazee wa Ukambani walikuwa wakisimulia bila kuchoka habari za Muindi Mbingu, aliyewaongoza watu wetu kwenda Nairobi mwaka wa 1938 kupinga ng'ombe wao kupunguzwa kwa nguvu na serikali ya kikoloni. Serikali ilimkamata ikampeleka uhamishoni. Wapi? Lamu! Nilikuwa na riwaya yenye mguu mmoja Ukambani na mwingine Lamu, riwaya ya mtu wa nyika aliyetupwa kisiwani kwa sababu ya ng'ombe, akisikia kila siku bahari asiyoizoea na Kiswahili kisichofanana na chake. Ilikuwa inasimuliwa bure pale pale kwetu, nami nilikuwa nimeziba masikio nikitafuta asumini.

Kwa hiyo, kijana anaposema kwao hakuna hadithi, simwoni mjinga. Namwona mtu aliyefundishwa vibaya, na waliomfundisha ni sisi. Tumempa vitabu vya kutahiniwa ambavyo vingi vinatokea katika nchi zisizo kwenye ramani. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kinatupeleka Sokomoko, katika nchi ya Tomoko. Kufa Kuzikana, cha mtunzi huyo huyo, kinatupeleka nchi iitwayo Tandika. Sisemi hivyo kwa dharau. Walibora aliijua ardhi halisi vizuri sana, na Siku Njema, ya 1996, inayomtoa Kongowea Tanga na kumleta Kenya kumtafuta baba yake, ni ushahidi tosha. Desturi ya kubuni nchi ina sababu yake tukufu. Katama Mkangi alitiwa kizuizini mwaka wa 1986; alipotoa Walenisi mwaka wa 1995, msomaji mwerevu alilikata jina hilo vipande akapata ujumbe wake: wale ni sisi. Enzi hiyo, nchi ya kubuni ilikuwa ngao ya mwandishi.

Hofu imepungua, lakini ngao imebaki mkononi na imekuwa kama pambo. Leo mtunzi chipukizi huandika kuhusu nchi ya Matopeni inayotawaliwa na Mtukufu Tumbojaa, na katika kurasa 200 hakuna barabara yenye jina, hakuna mti unaotambulika, wala njaa yenye jina la kwake. Nikimwuliza kwa nini, hujibu kwamba anataka riwaya yake iwe ya ulimwengu wote. Lakini Namagondo ya Kezilahabi imesomwa na watu wasiojua Ukerewe iko wapi, na imewagusa. Toni Morrison wa Marekani aliikuta habari ya mwanamke mtumwa, Margaret Garner, katika gazeti la zamani la 1856. Akaitafakari kwa miaka mingi, na mwaka wa 1987 akatoa Beloved. Hakutafuta ulimwengu. Alimtafuta mwanamke mmoja, na ulimwengu ukamfuata.

Hapa ndipo wahadhiri wengi hukomea. Huwaambia wanafunzi, “Andikeni mnachokijua,” wakafunga daftari, wakaenda kunywa chai. Mimi nilikomea hapo kwa miaka mingi, na kulikuwa na gharama. Aliyeilipa si mimi.

Katika miaka ya 90, baada ya kugundua ujinga wangu wa Lamu, niliapa kuandika mambo ya nyumbani tu. Nilikuwa na shangazi, dada yake baba. Mumewe alikwenda Mombasa kutafuta kazi, kama walivyokwenda wanaume wengi wa kwetu, na hakurudi. Aliacha baiskeli nyeusi, zile tulizoziita Black Mamba. Shangazi aliitundika kwenye boriti za jikoni. Kila nilipomtembelea niliiona hapo juu, ikiwa nyeusi zaidi kwa moshi, lakini mnyororo wake uking'aa. Shangazi alikuwa akiishusha mara kwa mara na kuutia mafuta.

Mnaona jinsi hadithi ilivyojileta yenyewe? Niliiandika kwa siku tatu. Mwanamke anamngoja mume aliyepotea mjini. Kila Jumamosi anaipaka mafuta baiskeli yake, ili siku atakaporudi aikute tayari. Hadithi hiyo ilichapishwa katika mkusanyiko. Wenzangu waliisifu. Mmoja aliandika kwamba baiskeli ni ishara ya uaminifu wa mwanamke wa Kiafrika, nami nikakubali sifa hiyo bila haya.

Kitabu kilifika Kalamba. Mjukuu wake shangazi alimsomea. Nilipokwenda nyumbani Disemba, alikuja kwa mama akanikuta nimekaa nje, akakataa kiti.

“Umeandika kwamba namngoja,” alisema.

“Shangazi, hiyo ni hadithi tu. Si wewe.”

“Baiskeli ni yangu. Jiko ni langu. Basi mwanamke ni nani?”

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

“Mimi sikumngoja yule,” akaendelea. “Chuma kisipotiwa mafuta huliwa na kutu. Nilitaka kuiuza nimlipie kitinda mimba wangu karo. Lakini kila aliyekuja kuitazama alinitajia bei ya mwanamke aliyeachwa. Nikasema ikae juu hapo, mpaka aje mtu atakayenitajia bei ya baiskeli.”

Ilikaa juu hapo miaka kumi na mmoja. Baada ya hadithi yangu kusomwa, watu walianza kupita kwake kuitazama baiskeli ya mwanamke anayengoja. Mwezi uliofuata aliiuza, kwa bei ile ile aliyokuwa ameikataa.

Shangazi hakunikasirikia kwa kelele. Nilipokwenda kwake alinipikia muthokoi na kuniuliza habari za watoto. Ila tangu siku ile hadi alipofariki, hakunisimulia tena jambo lolote. Mnaojua jinsi shangazi wa Kikamba wanavyosimulia mtaelewa ukubwa wa adhabu hiyo.

Nimeifikiria kesi hiyo zaidi ya kitabu chochote nilichowahi kuhakiki, na naona kwamba nilifanya makosa mawili. La kwanza ni la adabu: nilichukua kitu cha mtu bila kuomba. Watunzi hujitetea hapa kwa kusema kwamba riwaya yote ni mkopo, na ni kweli. Lakini mkopo una mwenyewe, na hata kama hutalipa, unapaswa kujua unadaiwa na nani.

Kosa la pili ni la sanaa, na ndilo linaloniuma kama mhakiki. Nilichukua baiskeli ya shangazi, lakini maana yake sikuichukua kwake. Maana niliitoa katika ghala la vitabu nilivyosoma, ambamo mwanamke aliyeachwa humngoja mume daima kwa kuwa waandishi wengi, wanaume, walimwandika akingoja. Niliondoka Lamu ya kubuni nikarudi Kalamba halisi, halafu Kalamba yenyewe nikaijaza ubunifu wa kukopa. Maisha ya kila siku yalinipa chuma kizuri, nami nikakiacha kikapata kutu. Na tazameni hadithi niliyoikosa! Mwanamke anayekataa kwa miaka kumi na mmoja kuuza mali yake kwa bei ya unyonge wake, huku mtoto anahitaji karo. Humo mna fahari, mna hatia, mna uchumi, mna soko linalojua kumnusa mtu aliyeishiwa. Ningemwuliza swali moja tu, “Shangazi, kwa nini unaitia mafuta?”, angenipa riwaya. Sikumwuliza kwa sababu nilidhani najua.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na kauli kwamba ilhamu ya mtunzi iko katika kutazama maisha. Kutazama hakutoshi. Mpita njia pia hutazama. Anachokiona mtu kwa mara ya kwanza mara nyingi si maisha. Ni kitabu alichosoma kikijirudia mbele ya macho yake. Mtunzi ni yule anayekaa hapo mpaka maana ya kwanza ivunjike. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa Maillu na sikio lake: alikuwa tayari kusikia jambo ambalo hakulitarajia, hata lilipokuwa baya. Na ndivyo ninavyoielewa ile miaka 30 ya Shafi. Aliyeteswa ana haki ya maana yake ya kwanza, yaani hasira. Riwaya huja hasira inapoanza kuuliza maswali.

Wengine watanipinga. Watasema namfunga mtunzi miguu, kwamba nikimlazimisha kuuliza kila jambo nitamgeuza mwanahabari, ilhali riwaya ni ubunifu. Pingamizi hilo lina uzito. Mtunzi ana ruhusa ya kubadilisha kila kitu: baiskeli iwe cherehani, Kalamba iwe Tomoko. Pengine ningembadilishia shangazi mambo mengi zaidi, watu wasingemtambua na asingeumia. Lakini kubadilisha ni kazi ya mtu anayejua anabadilisha nini. Mimi sikubadilisha chochote kwa kuwa sikujua chochote. Kubuni huanza baada ya kujua. Kabla ya hapo ni kubahatisha.

Nirudi kwa kijana wangu. Kabla ya kuondoka shuleni nilimwita kando. Nilimwambia kwamba anayo hadithi, na kwamba nyanya yake ni mhusika ambaye watunzi wengi wangemlilia. Macho yake yakang'aa.

“Kwa hiyo niandike jinsi anavyomchosha broka kwa kuhesabu, mpaka anakubali?”

Ndivyo nilivyokuwa nimeelewa mimi pia. Mwanamke mkongwe anatumia subira kama silaha. Jua linapanda, maembe yanapata joto, broka anasalimu amri. Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Kisha nikaikumbuka baiskeli.

“Usiandike bado,” nikamwambia. “Kwanza nenda umwulize kwa nini humfanya ahesabu upya. Na usidhani unalijua jibu.”

Wiki mbili baadaye mwalimu wake wa Kiswahili alinitumia ujumbe kwa simu, alioandikiwa na kijana. Nimeuhifadhi. Nyanya amesema hana haja ya kumchosha mtu, maana kuchoka anachoka yeye kwanza, magoti hayamwachi. Idadi ya maembe yake anaijua tangu jana yake jioni. Anachotaka ni kusikia broka atataja nambari gani mara ya pili, kwa sababu anayesema kweli hurudia nambari ile ile, na anayedanganya huisahau. Broka mmoja tu, katika miaka yote hiyo, ndiye aliyewahi kurudia uongo wake sawasawa mara tatu. Huyo nyanya alimwogopa, na hakumuuzia tena.

Chini ya ujumbe kijana alikuwa ameongeza mstari mmoja wake mwenyewe: anaomba nimweleze jinsi ya kumwandika yule broka wa mwisho, kwa kuwa sasa hivi usiku hapati usingizi akimfikiria.